Utegemevu wa Injini za Ndege: Historia Yake katika Pwani ya Kusini na Maneno Yake

Katika kikao kimoja cha kusanifu istilahi za ufundi tuliletewa rasimu ya kijitabu cha mafunzo ya mafundi wa ndege. Rasimu hiyo, iliyofasiriwa na ofisi ambayo si lazima niitaje, ilisema katika ukurasa wake wa kwanza kwamba shabaha ya matengenezo ni "kuongeza uaminifu wa injini na kupunguza gharama". Mjumbe mmoja, mwalimu wa zamani, aliuliza kwa upole kama injini hiyo iliwahi kuiba. Kikao kilicheka. Lakini kicheko kilipokwisha hapakuwa na mtu mwenye neno la kuweka mahali pa "uaminifu", na shauri likaahirishwa.

Makala haya yanakusudia kulirudia shauri hilo. Desturi ya kurasa hizi ni kutoa orodha ya maneno na maana zake. Safari hii naomba ruhusa ya msomaji nipite njia ya historia, kwani pwani ya Kusini, yaani nchi ianziayo kwenye mikono ya Rufiji ikapita Kilwa hadi Lindi, ilijuana na injini za ndege mapema sana, tangu mwaka 1914, na ilijuana nazo hasa kwa kuharibika kwake.

Nitaanza na Kitomanga, ingawa Kitomanga hakuna kiwanja cha ndege. Kiwanja cha Lindi kiko Kikwetu. Kitomanga nilishushwa na ajali ndogo: basi nililopanda kwenda Lindi lilichemsha, nasi abiria tukateremka kungoja injini ipoe. Kando ya barabara palikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mwendeshaji wake alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Ukutani alikuwa ametundika daftari lililojaa vistari vya kalamu ya risasi.

"Shikamoo, babu. Hesabu hizi ni za wateja?"

"Marahaba, mwanangu. Hizo si za wateja, hizo ni za ulaji."

"Ulaji wa nani?"

"Wa mashine. Kila Jumamosi naongeza oili, naandika vikombe vingapi. Mwaka jana kikombe kimoja kilitosha majuma mawili. Sasa kila juma. Vikifika viwili kwa juma nitaishusha injini, kabla yenyewe haijanishusha mimi."

Nikamwuliza kama haingekuwa salama zaidi kuishusha kila mwaka, iwe mbovu au nzima. Alinitazama kama mtu aliyesikia ushauri wa mtoto. Alisema injini iliyotoka kushushwa jana ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa mkono wa mtu umepita humo; ile ambayo imekwisha zoea kazi huwa na adabu.

Msomaji asiye fundi yafaa aambiwe kwamba kushusha injini ni kuitoa mahali pake, kuifungua yote, kubadili rinji na beringi na kila kilicholika, kisha kuifunga upya. Fundi wa Kiswahili anayo maneno mengine mengi ya namna hiyo: injini inachemsha, inamisi, inanoki, inakula oili, imechoka. Karibu yote ni maneno ya hali ya mwili. Sikupata hata moja lililo la hali ya moyo. Hakuna fundi wa kando ya barabara asemaye kwamba injini ni mwaminifu au haini. Husema inategemeka, au haitegemeki.

Sasa turudi nyuma. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, kisha ikajificha ndani ya mikono ya Rufiji. Ilijificha kwa sababu mitambo yake yenyewe ilikuwa imeharibika. Vipande vilivyovunjika vilibebwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa mtoni kwa njia ile ile. Majina ya wapagazi wale hayamo katika vitabu vya vita hivyo, ingawa kazi yao ndiyo iliyoifanya meli hiyo iweze tena kwenda.

Mikoko iliificha meli isionekane kutoka baharini. Ikabidi itafutwe kutoka juu. Waingereza walimkodi huko Durban rubani raia aitwaye Cutler pamoja na ndege yake aina ya Curtiss, yenye kiwiliwili cha mashua na injini ya nguvu za farasi 90, wakamweka katika kisiwa kidogo cha Nyororo karibu na Mafia. Taabu ya kwanza ilikuwa rejeta. Ilivuja, na injini ikachemsha kama lilivyochemsha basi letu. Meli ilipelekwa Mombasa kutafuta rejeta nyingine, ikapatikana ya gari la Ford, na kwa rejeta hiyo ya gari ndege iliruka tena. Tarehe 10 Desemba 1914 injini ilimtupa Cutler ndani ya delta, naye akatekwa.

Februari 1915 zilikuja ndege mbili za Sopwith za kutua majini. Hizo zilishindwa na joto. Gundi ya mbao ililegea, mapanga yalipinda, na injini hazikuweza kuinua watu wawili pamoja na mabomu. Jambo hili laonekana kama dharau ya ajabu kwa mitambo ya Ulaya, lakini sababu yake ni hesabu ya kawaida. Injini hula hewa kwa uzito wake, nayo hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 35 za sentigredi, katika ujazo ule ule, ni pungufu kwa kiasi cha sehemu 6 katika 100 ikilinganishwa na hewa ya nyuzi 15. Na bawa nalo hupata mwinuko kutokana na hewa hiyo hiyo pungufu. Injini iliyopimwa Uingereza wakati wa baridi ilikuwa imepimwa kwa hewa isiyopatikana Mafia.

Ndege tatu za Short zilizoletwa kutoka Bombay mwezi wa Aprili ziliipiga picha Königsberg, ila nazo zilipanda kwa taabu. Mwishowe ulisafishwa uwanja katika kisiwa cha Mafia, zikaletwa ndege za nchi kavu aina ya Henri Farman na Caudron. Tarehe 6 Julai 1915 shambulio la kwanza lilishindwa. Tarehe 11 Julai ndege ya Cull na Arnold ilipigwa risasi, injini ikafa. Nao wakawa wanashuka bila injini huku Arnold akiendelea kupeleka kwa simu ya upepo masahihisho ya shabaha, mpaka wakaangukia mtoni. Siku hiyo Königsberg iliangamia.

Miaka miwili baadaye injini nyingine ilikuwa njiani kuja kwetu, wala haikufika. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha angani cha Wajerumani, Zeppelin L 59, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na kiasi cha tani 15 za silaha na dawa kwa ajili ya jeshi la von Lettow-Vorbeck, ambalo wakati huo lilikuwa likisukumwa kutoka nchi ya Lindi kuelekea Ruvuma. Kilikuwa na injini tano za Maybach. Njiani, juu ya jangwa, kasha la gia ya injini ya mbele lilipasuka; na injini hiyo ndiyo iliyoendesha simu ya upepo, hata chombo kikaweza kusikia lakini kisiweze kusema. Kilipata amri ya kurudi kilipokuwa magharibi ya Khartoum. Tarehe 25 Novemba kilitua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku ile ile von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma pale Ngomano akaingia Msumbiji. Naomba msomaji aikumbuke gia ile iliyopasuka, kwa maana tutakutana na gia tena.

Watu wa pwani waliziona ndege hizo kabla ya kuwa na neno. Waliziita ndege Ulaya, kisha Ulaya ikaanguka, likabaki ndege. Aiongozaye aliitwa rubani, na hilo halikuwa neno jipya hata kidogo: rubani ndiye aliyejua miamba na mikondo akaingiza chombo bandarini. Mtambo lilikuwa ni neno la kamani, la mfyatuko wa mtego au wa bunduki, kisha likapanuka likaenea mashine nzima. Neno injini lilikuja pamoja na kitu chenyewe, nalo limekaa vizuri. Sioni sababu ya kulisumbua.

Lililokosekana ni neno la kazi ya kuiangalia injini ili isiharibike. Wenye majahazi walikuwa na utaratibu wao. Chombo kilipandishwa pwani kwa msimu, kikakalafatiwa, kikapakwa deheni chini na sifa juu, kikarudi majini kabla ya upepo wa safari. Hawakungoja kivuje. Wakati ulipofika kilipandishwa, kivuje kisivuje. Huo ni utunzaji wa kufuata kalenda, na kwa muda mrefu ndege nazo zilitunzwa hivyo hivyo.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 na ndege sita ndogo aina ya Rapide, ndilo lililoizoesha pwani ya Kusini ndege za abiria. Zilitua Lindi, Mtwara na Nachingwea, ambako mpango wa karanga ulikuwa umeleta wageni na matrekta mengi kuliko karanga. Baadaye zilikuja Dakota, zenye injini mbili za silinda 14 kila moja, kisha mwaka 1962 Fokker Friendship, ambazo injini zake za Dart zilikuwa za turbini. Karakana kuu ya shirika ilikuwa Nairobi. Kila injini ilikuwa na saa zake zilizowekwa. Saa hizo zikitimia ilitolewa katika bawa na kufunguliwa hata kama ilikuwa ikiimba vizuri. Shirika lilipovunjika mwanzoni mwa mwaka 1977, na Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa Machi mwaka huo, tuligawana ndege na madeni; karakana ya Nairobi haikuweza kubebwa.

Mwaka uliofuata, 1978, wahandisi wawili wa kampuni ya United Airlines ya Marekani, Nowlan na Heap, waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya nchi yao taarifa ambayo iliipindua desturi hiyo. Walichunguza jinsi sehemu za ndege zinavyoharibika kadiri umri unavyokwenda. Imani ya wakati wote ilikuwa kwamba kila sehemu huzeeka, kwa hiyo kila sehemu ina umri wa kutolewa. Walikuta kuwa sehemu 11 tu katika 100 ndizo zilizoweza kufaidika na kuwekewa ukomo wa umri. Sehemu 89 hazikufaidika. Tena sehemu 68 katika 100 zilikuwa hatari zaidi zilipokuwa mpya au zilipotoka kutengenezwa, kisha hatari ikapungua na kubaki pale pale. Niliposoma hesabu hizo nilimkumbuka mzee wa Kitomanga, ambaye alikuwa amekwisha nieleza jambo hilo bila jedwali.

Basi matengenezo yakawa ya namna mbili, na hapa lugha inadaiwa. Ya kwanza ni yale ya saa zilizowekwa. Naona yafaa yaitwe matengenezo kwa muda. Ya pili ni yale ambayo injini huachwa kazini maadamu vipimo vyake ni vizuri, na hutolewa vipimo vinapoonyesha kuwa inaelekea kuharibika. Hayo yafaa yaitwe matengenezo kwa hali. "Matengenezo ya kinga", neno litumiwalo sana maofisini, linachanganya yote mawili, kwa maana yote mawili yanakinga.

Vipimo vyenyewe ni vipi? Oili ni kimojawapo. Reli za Marekani zilianza katika miaka ya 1940 kuchunguza oili ya injini za gari-moshi ili kuona chembe za chuma zilizomo, na jeshi la majini la huko likaufuata mtindo huo kwa ndege: shaba ikizidi, huenda beringi inalika; kila madini yana mahali yatokako. Mtikisiko ni kipimo kingine. Lakini kipimo kikubwa cha injini ya turbini ni joto la gesi inayotoka nyuma yake. Injini mpya hutoa msukumo uliotakiwa kwa joto lililo chini ya kikomo. Kadiri mapanga yake ya ndani yanavyolika na kuchafuka, injini hulazimika kuchoma mafuta zaidi ili kutoa msukumo ule ule, na joto hupanda. Tofauti iliyobaki kati ya joto lake na kikomo, pale ndege inapoondoka kwa nguvu zote siku ya joto kali, ndiyo uhai uliosalia. Wataalamu huihesabu nyuzi kwa nyuzi, safari kwa safari, kama mzee ahesabuvyo vikombe. Nimependekeza iitwe akiba ya joto. Akiba ni neno la nyumbani. Mtu akiambiwa akiba imekwisha haulizi maana.

Akiba hiyo yaweza kutunzwa. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huganda juu ya mapanga ya kushindilia hewa. Injini ikioshwa kwa maji kwa utaratibu hurudishiwa nyuzi kadhaa. Rubani naye, ikiwa njia ya kurukia ni ndefu na mzigo ni mwepesi, haondoki kwa nguvu zote. Huondoka kwa nguvu inayotosha, na kila mara afanyapo hivyo ameahirisha gharama ya karakana. Hayo hayaonekani na abiria. Abiria hulalamika tu kwamba leo ndege imekawia kunyanyuka.

Ama kuhusu gharama, jambo lenyewe limetugusa karibuni. Kampuni ya Ndege Tanzania, ATCL, ilifufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za Q400, ikapata Boeing 787 mwezi wa Julai 2018, na Desemba mwaka huo ikapata ya kwanza kati ya Airbus A220-300 zake. Injini za A220 ni za Pratt & Whitney, zenye gia katikati ili panga kubwa la mbele lizunguke polepole kuliko turbini. Zinaokoa mafuta kweli kweli. Gia, ambayo mwaka 1917 iliirudisha nyuma L 59, safari hii haikuwa na kosa. Waliochoka mapema walikuwa sehemu za moto zilizo nyuma yake, na injini zikahitaji kwenda karakanani kabla ya wakati uliotarajiwa, katika kampuni nyingi duniani. Novemba 2022 ATCL ilitangaza kupungua kwa safari kwa sababu hiyo. Julai 2023 mtengenezaji alitangaza kasoro nyingine, ya unga wa chuma uliotumika kufua visahani vya turbini, iliyozikumba zaidi injini ndugu za ndege za A320neo. Karakana za dunia zikajaa, foleni ikawa ndefu. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kwa mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha hasara ya ATCL ya shilingi bilioni 56.64, na kusimama kwa ndege hizo kulitajwa miongoni mwa sababu. Ndege iliyosimama haiingizi nauli, lakini bima haisimami.

Katika mazungumzo ya mitaani na hata ya maofisini nilisikia wakati huo kwamba "injini zimetusaliti". Hapo ndipo nilipoona madhara ya neno "uaminifu". Msaliti hutafutiwa adhabu. Injini hutafutiwa kumbukumbu: ilifanya kazi saa ngapi, kwa joto gani, ilishindwa mara ngapi katika kila saa elfu. Hicho ndicho kitu kinachopimwa, yaani uwezekano kwamba mtambo utafanya kazi yake, katika hali iliyotajwa, kwa muda uliotajwa, bila kushindwa. Kitenzi chake fundi anacho tayari: kutegemeka. Nomino yake iwe utegemevu. "Uthabiti" nalo lilipendekezwa, lakini jiwe ni thabiti na halifanyi kazi yoyote.

Hata mikataba imejengwa juu ya jambo hili. Tangu mwaka 1962, kampuni ya Bristol Siddeley ya Uingereza ilipoanza na injini yake ya Viper, mtengenezaji aweza kulipwa kwa kila saa ambayo injini imefanya kazi, naye akabeba gharama za kuitengeneza. Mwenye ndege hununua saa za kutegemeka. Mtu asiyeweza kulieleza wazo hilo kwa lugha yake atatia saini mkataba wake kwa kusimuliwa.

Limebaki neno moja ambalo limenishinda. Injini ya turbini haizeeki kwa saa tu. Kila mara inapowashwa, ikapata moto, ikaruka na kuzimwa, visahani vyake hutanuka na kunywea, na idadi ya mara hizo ina kikomo kisichopitwa hata kama akiba ya joto ingalipo. Ndege iendayo Unguja na kurudi mchana kutwa humaliza idadi hiyo upesi, huku saa zake zikiwa chache. Ile iendayo ng'ambo hukusanya saa nyingi kwa idadi ndogo. Wenzangu wanaiita "mzunguko". Naona neno hilo tayari lina kazi: injini huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Nilipendekeza mruko, wingi miruko.

Niliporudi Kitomanga, safari hii kwa basi zima, nilimsomea mzee neno langu. Alilipokea kwa heshima, kisha akasema mashine yake hairuki, lakini kila aiwashapo asubuhi anajua kwamba kitu fulani ndani yake kimepungua. Kwa nini neno lisitoke katika kuwasha? Sikuwa na jibu la kumpa. Tatizo ni kwamba mwasho tumekwisha upa ugonjwa wa ngozi. Jalada la neno hilo liko wazi, na mapendekezo ya wasomaji yatapokelewa kabla ya kikao kijacho.